Kamba ya Mbele

Mimi ndiye ninayefua jezi. Naanza na hilo kwa sababu kila nilipojaribu kuanza na jambo kubwa zaidi nilijikuta nasema uongo.

Nafua jezi za timu ya mji ambao nimeacha kuutaja, maana kila aliyewahi kuumiliki aliupa jina lake, na majina yamekuwa mengi kuliko mitaa. Huku hatuhesabu siku, tunahesabu mechi. Ukiulizwa mtoto wako ana umri gani unajibu: mechi thelathini na mbili. Na kwa kuwa ziko mechi zilizorudiwa, ziko zilizofutwa, na iko moja ambayo refa alipuliza mapumziko, timu zikaenda kupumzika na hazijarudi mpaka leo, basi umri wa watu wetu haukai sawa. Mwanangu Mboni alikuwa mgongoni kwangu siku ile ninayotaka kuisimulia. Yuko mgongoni kwangu sasa. Hapo katikati misimu imepita, nimeiona kwa macho yangu ikipita, na yeye bado hajatambaa. Sijui ni nani anayemzuia asikue. Wakati mwingine nadhani ni mimi, nangoja kwanza niwe mtu ambaye mtoto anaweza kukua mbele yake.

Swali ni hili: timu ni ya nani?

Nilikuwa nadhani ni swali la wanaume, la kwenye kahawa, mmoja anapiga meza na mwingine anatafuta kiatu chake chini ya benchi. Mwenye nyasi ndiye mwenye timu? Au mwenye timu ni yule anayejua kwamba beki wa kushoto hapati usingizi mvua ikinyesha, na kwamba kipa akichekwa siku ya Ijumaa atafungwa siku ya Jumamosi? Walijadili mpaka kahawa ikapoa, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kunitazama mimi, niliyekuwa nyuma ya ukuta na povu mpaka viwikoni. Wasingegeuka. Nani amtafute mwenye timu ndani ya beseni?

Lazima niieleze desturi yetu, maana bila hiyo hutajua nimefanya nini. Kwetu kikosi hakitangazwi kwa mdomo, wala hakibandikwi ukutani. Siku moja kabla ya mechi, jua likishapanda, kocha anakuja uani nilipo, anainama kana kwamba anafunga kamba za viatu, na ananinong'oneza majina kumi na moja. Mimi nina kamba mbili za kuanikia. Ya mbele inatazama barabara, ya nyuma inatazama ukuta. Majina niliyonong'onezwa, jezi zao naziweka mbele. Zilizobaki naziweka nyuma. Mchana wachezaji wanapita barabarani mmoja mmoja, kama watu waliotumwa dukani, wanatupa jicho, wanajua. Aliyeiona yake anaendelea na safari. Asiyeiona naye anaendelea na safari, ila polepole kidogo. Hakuna anayeuliza. Waliotutangulia waliona mbali: neno lililosemwa mtu anaweza kulibishia, atasema hukusema hivyo, atasema umemwonea. Lakini nani atabishana na nguo inayodondosha maji?

Na kilichoanikwa hakianuliwi mpaka kikauke. Hiyo ndiyo sheria yetu pekee. Kocha mwenyewe haruhusiwi kuigusa kamba, hata akumbuke usiku kucha kwamba amekosea. Maana siku wachezaji wakijua kuwa kamba inaweza kukosea, kila jezi itakayoanikwa baada ya hapo itakuwa ni maoni tu.

Kocha aliitwa Lubawa. Mtu mfupi, wa sauti ya chini, anayetembea pembezoni mwa uwanja hata ukiwa mtupu. Alininong'oneza majina misimu minne, na katika misimu hiyo yote hakuniuliza jambo lolote. Simlaumu. Alisema, "Habari za asubuhi, mama," akataja majina yake, akaenda zake. Majina yalipita kwangu kama maji yanavyopita kwenye mpira wa kumwagilia bustani, na mpira hauulizwi kama una kiu.

Mwenye naye alikuwa Mwenye. Alikuwa na jina, Sekiango, lakini tangu ainunue timu aliacha kuitika akiitwa kwa jina hilo. Alinunua uwanja, magoli, viti, na kivuli cha jukwaa kuu, ambacho alasiri hufika mpaka kwenye duara la katikati. Alitaka kiandikwe kwenye mkataba, kikaandikwa. Alinunua wachezaji na miguu yao. Alipomaliza kununua akagundua kwamba muuza maandazi anajua nani anaanza kesho, na yeye hajui. Muuza maandazi hupita kwa miguu. Yeye alipita kwa gari lenye vioo vyeusi, na hata alipotazama nje hakuna aliyekuwa amemweleza maana ya zile kamba. Alidhani ni nguo.

Haya aliniambia mwenyewe. Alikuja uani asubuhi moja, peke yake, akageuza ndoo akaikalia. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akamtazama Mboni akasema mtoto huyu ana macho ya kuuliza. Kisha akanisimulia, mtu mzima yule, jinsi anavyokaa jukwaa kuu na wageni wake, na mgeni anamgeukia kumuuliza leo mbele anaanza nani, na yeye anajifanya amepaliwa anakohoa. Alikuwa amekohoa misimu miwili. Mke wake alishamnunulia dawa ya kifua chupa sita. Nilicheka. Naye alicheka. Ndipo nikaiona aibu usoni kwake, ile aibu ya mtu aliyefika kwenye shughuli yake mwenyewe akakuta viti vyote vimekaliwa, na nikamwonea huruma. Ilianza kwa huruma. Nalisema hilo si kwa kujitetea, nalisema kwa kuwa linanitisha.

Alishamwendea Lubawa, akasema, na si mara moja. Hakutaka kupanga. Alitaka kuambiwa tu, kabla ya watu wengine, hata kwa dakika tano. Lubawa akamjibu kwamba anayeambiwa mapema leo, kesho atauliza kwa nini, na keshokutwa atasema hapana. Hilo nilikuwa nalijua, maana siku waliyobishana nilikuwa napita chini ya ngazi za jukwaa na beseni kichwani. Walikuwa wamesimama karibu mno, pua kwa pua, na maneno yakaanza kuhama. Mmoja aliuliza hii timu bila yeye ni kitu gani. Mwingine akauliza hivyo hivyo, kwa sauti ile ile. Nilisikia swali hilo mara nne na mpaka leo sijui nani aliliuliza mara ngapi. Walikohoa pamoja. Walipoachana kila mmoja alishika njia ya mwenzake: Lubawa akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari lenye vioo vyeusi, akashika kitasa, Mwenye akaenda mpaka lango la wachezaji, akaanza kuvua koti. Wakashtuka. Wakarudi. Wakapishana bila kutazamana, kama watu wawili waliokutwa wamevaa kofia moja.

"Sasa wewe," Mwenye akaniambia, pale kwenye ndoo, "wewe unaonaje?"

Hapo ndipo. Kama unatafuta mahali, ni hapo.

Sikupewa kitu. Ningepewa kitu ningekirudisha. Niliulizwa tu ninaonaje, na hakuna mtu, tangu niolewe, tangu niachike, tangu nishike sabuni ya timu hii, aliyewahi kuniuliza ninaonaje kisha akanyamaza kungoja jibu. Yeye alingoja. Povu lilipasuka mikononi kwangu tone kwa tone na yeye anangoja. Nikasema naona si vibaya mtu kuambiwa. Na nikamwambia. Majina kumi na moja, kwa mnong'ono, nimeinama kama ninayefunga kamba za viatu, na miguuni nilikuwa peku.

Akawa anakuja kila kabla ya mechi. Lubawa akishaondoka, yeye anafika, anageuza ndoo. Nikaanza kumfutia ile ndoo. Nikaanza kuwa na maoni juu ya winga. Nikifua nilikuwa najisemea, unajua, huyu namba kumi na moja jasho lake lote liko mgongoni, kifuani hakuna kitu, maana yake anakimbia huku anatazama nyuma. Na Mwenye akija nikamwambia, na yeye akasema, "Ehee," akalitafakari. Neno langu likatafakariwa. Ningeweza kufua mwezi mzima kwa ile ehee moja. Jambo la kuona aibu ni kwamba bado ningeweza.

Kisha ikaja mechi ya Ngwali.

Ngwali alikuwa nahodha, namba nne, mtu wa mechi mia tatu na kitu. Alikuwa ameshasema hii ndiyo ya mwisho, baada ya hapo anapumzika. Mama yake, ambaye hajawahi kumwona akicheza, alikuwa ametoka kwao milimani, safari ndefu, macho yenyewe hayaoni mbali, amekuja kumwona mara moja hiyo. Mji mzima ulijua. Lubawa aliponong'ona asubuhi ile jina la Ngwali alilitaja la kwanza, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinong'ona kwa furaha.

Mwenye alipofika nikamtajia. Aliposikia la kwanza akainamisha kichwa. Akasema kesho uwanja utajaa, watu watampigia Ngwali makofi, na yeye atakuwa amekaa juu kule anapiga makofi na wengine, kama shabiki aliyekata tiketi. Akasema yuko yule Tuwa, namba kumi na tisa, aliyemleta yeye mwenyewe kutoka mbali, misimu miwili hajawahi kuvaa jezi ya mbele. Hakupandisha sauti. Alikuwa anakwangua ukingo wa ndoo kwa ukucha.

"Mara moja tu," akasema. "Sitaki kitu kingine. Nataka nione jambo nililolitaka mimi likitokea. Wewe unaonaje, mwanangu?"

Nilikuwa naona vizuri kabisa. Niliona kwamba ni vibaya. Nililiona neno lenyewe limekaa mdomoni kwangu, zima, limeoshwa. Na nikanyamaza, kwa sababu kama ningelisema angesimama, angeiacha ile ndoo, asingerudi tena, na mimi ningekuwa mpira wa bustani. Alingoja kidogo. Kisha akaondoka. Hakuniamuru. Naomba ulishike hilo. Aliondoka akaniacha na vibanio vyangu.

Ilikuwa ni kazi ya vibanio vinne. Viwili vya namba nne, nikaipeleka nyuma. Viwili vya kumi na tisa, nikaileta mbele. Mboni alikuwa ananivuta sikio. Na sitaficha: nilisikia raha. Raha ndogo ya kwenye vidole, kama ya kukuna mahali pasipowasha. Nikasogea nyuma nikazitazama zote kumi na moja zinavyopepea, nikajiambia hizi ni zangu.

Mchana Lubawa alipita barabarani. Alisimama. Alizihesabu, niliona midomo yake, alipofika kwenye kumi na tisa midomo ikaacha kwenda. Akanitazama. Akainama akafunga kamba za viatu, japo hakukuwa na jina la kusema, akazifunga, akazifungua, akazifunga tena, na akaendelea na safari. Angeivuka ile barabara akaitoa jezi kwa mkono wake, kila mtu angeona kwamba kamba inaweza kukosea. Alikuwa analinda kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshakiua, na alikuwa hajui kama kimekufa, au alijua.

Baada yake akaja Ngwali, amemshika mama yake mkono. Alikuwa amemwahidi kumwonyesha. Alisimama mbele ya kamba, akaitafuta namba nne kwa macho kutoka kulia kwenda kushoto, kisha kutoka kushoto kwenda kulia. Mama akauliza yako ipi, baba. Ngwali akanyoosha kidole kwenye namba saba.

"Ile pale, mama."

Na kesho yake yule mama akamshangilia namba saba. Nilikuwa chini ya jukwaa na ndoo ya maji, nilimsikia. Dakika tisini ambazo kwetu siku ile zilichukua mvua nzima ya vuli na jua lake, namba saba akiteleza mama anasema pole baba, namba saba akipiga mpira nje mama anasema si kitu, na nahodha mwenyewe yuko kwenye benchi na taulo kichwani. Tulifungwa mawili kwa sifuri. Tuwa alicheza kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya watu bila kukaribishwa. Uwanja haukupiga kelele.

Siku ya pili watu walijaa nje ya lango. Mwenye alisimama kwenye ngazi na kipaza sauti, akawauliza, kwa uchungu, nani aliyemweka nahodha wetu benchi siku ya kumuaga. Nilikuwa karibu. Nilimtazama usoni, nikapatafuta pale mahali ambapo uongo hukaa kwa watu, sikukuta kitu. Alikuwa hadanganyi. Alikuwa amesahau. Alitamani jambo, jambo likatokea, na lilipotokea baya likaacha kuwa lake, likamtoka kama ndoto inavyomtoka mtu anaponawa uso. Nilikuwa nimesikia kwamba wakubwa hudanganya, na hilo nililizoea. Sikujua kwamba wanaweza kutodanganya.

Akaagiza niitwe. Nikaja na mikono inayodondosha maji, mtoto mgongoni. Akaniuliza, kama mtu asiyewahi kukaa kwenye ndoo yangu, kwamba zile jezi nilizianika kwa orodha ya nani.

Watu wote walinitazama. Ngwali alikuwepo. Lubawa alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, na filimbi yake shingoni. Neno lilikuwa moja tu. Ningesema "yangu," na yote yangekwisha pale.

"Mimi huanika ninachopewa," nikasema.

Kila neno katika sentensi hiyo ni la kweli. Nimeigeuza mara nyingi kutafuta uongo uko wapi, kama unavyogeuza nguo kutafuta doa, na nguo ni safi, na inanuka.

Lubawa alinitazama. Aliyajua majina aliyonong'ona; tulikuwa tumebaki watu wawili tu duniani tuliojua. Aliangalia mgongoni kwangu, Mboni alikuwa amelala, shavu limebonyea. Akasema, "Mama anasema kweli. Anaanika anachopewa." Akavua filimbi, akaiweka kwenye ngazi, bila kuitupa. Akielekea langoni akanipita karibu, akanitakia kazi njema. Siyo kwa kejeli. Ningeipokea kejeli kwa mikono miwili.

Kazi njema. Kazi njema, mama. Nikiosha vyombo naisikia. Nikimnyonyesha Mboni naisikia, maziwa yanakata.

Mwenye akaanza kuja kuninong'oneza mwenyewe. Aliinama kama Lubawa, akapata sauti ya Lubawa, akawa anatembea pembezoni mwa uwanja ukiwa mtupu. Hakukaa tena kwenye ndoo. Hakuniuliza ninaonaje. Kisha akachoka, maana kumbe kuchagua kunachosha, na kikohozi kikamrudia. Akatuma ujumbe kwamba mama ni mzoefu, aanike tu anavyoona.

Kwa mechi tisa timu ilikuwa yangu. Hilo ndilo jibu la swali, na hakuna aliyelijua: si dereva, si muuza maandazi, si wanaume wa kwenye kahawa. Nilishinda nne. Asubuhi nilikuwa nazipanga jezi kwenye majani, nachukua hii, naacha hii, na siku moja nikainama juu ya beseni nikaona ndani ya maji uso wa Sekiango, umechoka, unakwangua ukingo kwa ukucha. Ukucha ulikuwa wangu.

Na kila wiki nilikuwa naifua namba nne. Haikuvaliwa na mtu, Ngwali alikuwa haonekani tena mjini. Ilikuwa safi, nikaifua. Ikakauka nyuma, nikaianua, nikaifua. Niliisugua mpaka siku ile ya mechi ya tisa nilipoitoa kwenye maji nikakuta tarakimu yenyewe imebanduka, imebaki beseni, inaelea. Nikaiacha hapo hapo. Nikamfunga Mboni vizuri, nikaenda kwa Ngwali.

Nilimkuta barazani, mguu juu ya stuli, goti limefungwa bandeji. Nikamuuliza goti limekuwaje. Akasema kwamba siku ile ile aliyovua filimbi, Lubawa alikuja kwake, akakaa palepale nilipokaa mimi, akamwambia kwamba alimwacha nje kwa sababu ya goti. Aliliona mazoezini jinsi linavyokuja, hakutaka limwangushe mbele ya mama yake. Ngwali hakuwa akisikia maumivu yoyote. Lakini Lubawa hajawahi kusema ovyo. Kesho yake alipoamka goti lilikuwa limevimba. Sasa hata ngazi hapandi. Mama yake amerudi milimani na huko anawaambia watu mwanangu anavaa saba.

Kumbe Lubawa alikuwa ameibeba ile jezi yangu mpaka hapa, akaishonea sababu, ili mtu huyu asijue kuwa aliachwa bure.

Nikamwambia. Nilianza vibaya. Nilisema Mwenye alinilazimisha.

"Alikushika mkono?"

"Hapana."

"Alikutisha?"

"Hapana, kaka."

"Basi anza upya."

Nikaanza upya. Nikasema nilikuwa nataka kuulizwa. Nikasema aliniuliza, nikajua jibu, nikanyamaza, akaondoka, nikaianika jezi yako nyuma kwa mikono hii, na nilisikia raha. Nikasema mbele ya watu nilisema kweli ili nidanganye. Nilikuwa natazama sakafu. Kulikuwa na sisimizi wanapita, wana safari yao.

Ngwali akaligonga goti lake kwa vidole, taratibu, kama anayegonga mlango wa jirani.

"Na hili sasa nilifanye nini? Nimeshalinunulia bandeji."

Machozi yakaanza kunitoka. Akaniambia nisilie. Akasema nikilia itambidi anibembeleze, na leo hataki kunibembeleza. Nikajifuta. Alinipa maji ya kunywa, akampa na Mboni kidogo kwa kijiko. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuaga, nikaomba radhi kwa maneno mengi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeniambia mimi," akasema. "Mimi ni mmoja, na niko barazani. Ile jezi hukuianika barazani kwangu."

Ndiyo maana leo, siku moja kabla ya mechi, jua limeshapanda, kamba zote mbili ni tupu. Jezi ziko kwenye maji. Nimetoka nje ya ua, nimesimama barabarani, mahali ambapo hawajawahi kumwona mtu amesimama. Sijui Mwenye akisikia atafanya nini, au najua. Sijui kesho watavaa nini. Najua kwamba kumetokea jambo moja tangu jana: nilimweka Mboni chini nifunge mlango, na nilipogeuka alikuwa amesogea.

Wa kwanza kupita ni Tuwa. Kati ya wote, yeye. Anatazama kamba, haoni kitu, anapunguza mwendo, lakini desturi inamsukuma na anataka kuendelea. Nikamwita kwa jina. Nikamwambia yote, kuanzia kwenye ndoo, bila kumweka Mwenye mbele yangu kama ngao. Nilipofika kwenye vibanio vinne niliona uso wake unabadilika, na nikaelewa, nimechelewa kuelewa, kwamba ukweli huu nao una mtu wake wa kumuumiza.

"Kwa hiyo kocha hakunichagua."

"Hakukuchagua."

Akaangalia viatu vyake. Akasema aliwapigia simu nyumbani siku ile, akawaambia kocha kamwona. Akasema baba yake alichinja. Hakuwa ananilaumu, alikuwa anahesabu kilichobaki. Nikamwambia pole, na neno pole likawa dogo, likaanguka kati yetu kama kibanio kilichovunjika. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimejiandaa, kutukanwa kungenisaidia. Alitembea hatua chache, akarudi. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, akanyoosha miguu.

"Nani mwingine umemwambia?"

"Ngwali. Na wewe."

"Sasa hivi atapita Pazi," akasema. "Yeye ana hasira, nakuambia mapema. Nipe mtoto nimshike."

Nikamfungua Mboni nikampa. Pazi alikuwa ametokea kwenye kona, mikono mfukoni, anapiga mluzi, macho yake tayari kwenye kamba tupu. Nikapangusa mikono kwenye kanga na nikamwendea katikati ya barabara, kabla hajafika.